Ubao wa Ame na Vitu Vingine Nilivyoazima

Walisema sitamaliza muhula. Barazani kwetu Mkunazini walisema mtu aliyekwenda Uingereza akaosha vyombo hawezi kurudi na elimu, atarudi na mabegi. Binamu yangu, ambaye mpaka leo hajavuka kisiwa cha Chumbe, aliapa kwamba diploma yangu nimeinunua. Bwana Naufal, aliyekuwa mkuu wa idara ya historia katika chuo cha ualimu nilichoajiriwa, yeye hakuapa. Alikishika cheti changu kwa vidole viwili kama samaki aliyeanza kunuka, akaniambia amenipa somo lisilo na mwenyewe, hivyo hata nikiliharibu hapatakuwa na wa kulilia. Somo hilo ni historia ya utoto: namna watoto walivyolelewa, walivyocheza, walivyotumwa, walivyosomeshwa na walivyopigwa kabla sisi hatujazaliwa.

"Watoto hawana historia, Maalim Mbarouk," alisema. "Wana umri tu."

Nimelifundisha somo hilo mpaka nilipostaafu mwaka huu. Diploma yangu niliipata kwa madarasa ya jioni, mikono ikinuka sabuni ya jikoni, bila ya mjomba wala barua ya mkubwa, na nasema wazi kwamba hakuna mwenye shahada pale chuoni aliyelijua somo hili kuliko mimi. Nyinyi mnaolirithi mmeniuliza nilichaguaje vifaa na njia za kulifundishia. Nitawaeleza. Ila msitarajie maneno matamu ya kuagana. Nimeondoka pale na hasira, na hasira hiyo ina sababu ambayo nitaifikia.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa bahasha ya nakala zilizofifia. Zilikuwa picha za watoto wa Ulaya wakitoka migodini na masizi usoni, watoto waliopandishwa ndani ya madohani kuyafagia, na vitanda vya watoto wa wafalme. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vya kuwafundishia walimu wa Unguja. Mimi nimeishi katika mji wa makaa wenyewe, nimepanga chumba juu ya duka la mzee ambaye babu yake aliingia mgodini akiwa mtoto, kwa hiyo niliweza kuzieleza picha zile mpaka adhuhuri. Nikazieleza. Wanafunzi walipoamka niliwauliza bibi zao walichezea nini. Hakuna aliyejua. Msichana mmoja alijibu kwamba bibi yake hakuwahi kuwa mdogo. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana binti yule alikuwa ametaja shida yote ya somo kwa maneno machache kuliko muhtasari wa wizara.

Niliwaagiza kila mmoja alete kitu kilichotumiwa na mtoto wa zamani. Wiki iliyofuata meza ilijaa takataka. Alikuwapo mwanasesere wa plastiki aliyenunuliwa Darajani jana yake, bei bado imebandikwa mgongoni. Lilikuwapo birika la mama wa mtu. Kijana mmoja alileta bakora akasema ndiyo iliyomlea baba yake, na hiyo peke yake niliipokea, maana angalau ilimgusa mtoto. Bwana Naufal alipita mlangoni, akaitazama meza, akauliza kama chuo kimefungua mnada.

Aliyeninyoosha ni Bi Salama, mwalimu mstaafu wa madarasa ya chini, aliyekuwa akiishi ghorofani mtaa wa Malindi na miguu isiyotaka tena ngazi. Watu wa chuo walimsahau siku aliyorudisha chaki. Mimi nilimpandia ngazi zake kila Alkhamisi. Nilipomsimulia habari ya meza alicheka mpaka akaomba maji, kisha akaniambia niache kuwauliza watu wazima utoto wao ulikuwaje. Ukimuuliza mtu hivyo, alisema, atakupa hotuba: tulikuwa na adabu, tuliwaamkia wakubwa, watoto wa siku hizi wameharibika. Muulize nani alikupiga na kwa nini. Muulize ulitumwa nini dukani na ulidokoa nini njiani. Au bora zaidi, usimuulize kitu, mpe kitu mkononi.

Akanionesha. Alitoa mfuko wa kitambaa wenye kokoto zake za mdako, akaketi chini, miguu mibovu na yote, akarusha moja juu na kuzoa nyingine. Aliikosa ya pili akanilaumu kwamba nimetikisa sakafu. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunisimulia habari ya jirani aliyemwibia kokoto nyeupe, na namna mama zao walivyoacha kusemeshana kwa ajili ya jiwe, na nani alikuwa mtumishi wa nani katika nyumba ile, na kwa nini watoto wa ghorofani hawakuruhusiwa kucheza na wa uani. Ilikuwa darsa nzima ya mji, na ilitoka katika kiganja cha mwanamke aliyekasirika.

Ndiye aliyenipa sharti nililolishika mpaka mwisho. Chagua kitu ambacho mwenyewe yuko hai wa kukisemea. Usikinunue, maana ukikinunua umemwambia mwenyewe aende zake. Kiazime. "Na cha watu ni amana," alisema. "Kichukue mbele ya mashahidi, useme utakirejesha kama kilivyo. Kama huwezi kusema hivyo, kiache ukutani kwao." Akanikabidhi zile kokoto mbele ya binti yake na mpishi, nikasema maneno hayo kwa sauti. Tangu siku ile kila kitu nilichokiingiza darasani nilikisemea hivyohivyo, mjini na shamba, na sikuwahi kutoa hata shilingi kukinunua kimoja. Wenzangu waliniita ombaomba. Ombaomba huyo alikuwa na darasa lisilolala.

Picha ziwafundishe tahadhari. Familia kadhaa za mjini ziliniazima picha za watoto wao wa zamani zilizopigwa studio, watoto wamesimama wima kama nguzo, koti, kofia na viatu. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba watoto wa Mji Mkongwe walivaa viatu. Mimi niliziweka picha zote pamoja mezani nikawaambia wanafunzi waangalie miguu tu, vichwa wavifunike kwa karatasi. Haikuchukua muda wakaona. Viatu vilikuwa vilevile, na mkwaruzo uleule katika ncha ya kushoto. Vilikuwa vya mpiga picha. Kila mtoto wa mtaa alivivaa kwa dakika chache, wengine vikiwapwaya, mmoja amekunja vidole kwa maumivu na unaliona hilo usoni ukifunua karatasi. Ndipo unapouliza: nani alitaka mtoto aonekane na viatu, na aonekane kwa nani? Hilo ndilo somo. Vitabu vyenu haviwaambii muanzie miguuni.

Kesi ngumu ya kwanza ilitoka Bwejuu. Kule watu walikuwa wakifukia makumbi ya nazi pwani kwa miezi, kisha wakayafukua na kuyapiga kwa gongo mpaka zitoke nyuzi za kusokotea kamba. Bi Mize wa Bwejuu aliniazima kigongo alichokitumia alipokuwa mtoto, kidogo kama mwiko, kimebonyea mahali pa vidole. Mwaka huo chuo kilimleta mshauri mgeni kutufundisha kufundisha. Akapanga meza mbili, moja ya michezo na moja ya utumikishwaji wa watoto, akatutaka tugawe vifaa vyote. Kigongo akakitia meza ya pili kabla sijafungua mdomo. Nikamwomba asubiri, nikampeleka mtu kumchukua Bi Mize. Bwana Naufal aliona aibu kuletewa mwanamke wa kamba mbele ya mgeni, akanivuta pembeni kunieleza aibu yake. Nilimwambia aibu hiyo akae nayo.

Bi Mize alikishika kigongo akakigeuza. "Hiki babangu kanchongea kwa kipimo cha mkono wangu," alisema. "Dada alikuwa na chake, mimi sina, nkalia mpaka nkapewa. Kisha nkalia tena kwa kukitumia." Akamwonesha mshauri kidole kilichopinda. "Haya, kiwekeni meza mnayotaka."

Mshauri hakuwa na meza ya tatu. Basi hiyo ndiyo njia yangu, na mtu akitaka kuibadilisha aniletee sababu: usiandike jina la meza kabla mwenye kitu hajasema. Mtoto wa Unguja alifanya kazi, alicheza, na mara nyingi alivifanya vyote kwa mkono mmoja. Ukimtenga nusu nusu umebaki na watoto wawili wasiokuwapo.

Sasa nafika Makunduchi. Nilikwenda kule kwa ajili ya kitanda cha mtoto cha kamba, nikaona ndani kwa Bi Kazija, juu ya mlango, ubao wa chuoni umening'inizwa. Walioingia chuoni, kwa maana ya kusomea msahafu, wanaujua: kipande cha mbao chenye kishikio, mwalimu anaandika mstari wa mfano kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, mtoto anaendelea chini yake, anahifadhi, ubao unaoshwa, inaandikwa darsa nyingine. Ndiyo maana mbao za zamani unazoziona zote ni tupu. Huu haukuwa mtupu. Juu mkono wa mwalimu ulikuwa mzito, umenyooka. Chini mkono wa mtoto ukapanda kilima, ukashuka, ukapanda tena, ukakatika katikati ya aya. Uliandikwa na Ame, kaka yake Bi Kazija, aliyekufa kwa homa akiwa bado mtoto.

Nataka muelewe kwa nini niliutaka kuliko kitu kingine chochote. Vitu vyetu vyote vilisemewa na watoto waliokua. Bi Salama alikua, Bi Mize alikua, hata yule aliyekunja vidole ndani ya viatu vya watu alikua akawa mfanyabiashara mnene. Historia ya utoto tunaiandika kwa kuwasikiliza waliopona. Lakini wengi hawakupona, na wale hawana wa kuwasemea. Mtoto mmoja tu alikuwa ametuachia mkono wake mwenyewe, na mkono huo ulikuwa juu ya mlango wa Bi Kazija.

Alinikatalia. Nikarudi, akanikatalia na chai. Nikarudi tena, akanisikiliza nikimweleza wanafunzi watajifunza nini, kwa Kiswahili changu cha mjini, naye akanijibu Kimakunduchi kwa makusudi nisimpate vizuri. Mwishowe alimwita mwanawe na jirani wawe mashahidi, akauteremsha ubao kwa kanga. Sharti lake lilikuwa moja. "Maji yasiuguse," alisema, "mpaka niseme mimi." Nikaapa. Nilidhani anahofia maandishi yasipotee, kama ninavyohofia mimi.

Nilifundisha kwa ubao ule miaka mingi. Mwenye udhu aliushika, asiye nao alitazama. Mwanafunzi mmoja Mkristo, kijana wa Kilimahewa, ambaye hakujua hata herufi moja ya pale, ndiye aliyeona kitu nisichokiona mimi. Alisema mtu akichoka kuandika wino hufifia, kalamu huwa imekauka, lakini herufi ya mwisho ya mtoto huyu ni nyeusi kuliko zote. Alikuwa ametoka kuchovya. "Huyu hakuchoka, Maalim," alisema. "Kaitwa." Mimi nilitoka nje kidogo kuangalia mvua ambayo haikuwa ikinyesha.

Wakati huo Bwana Naufal amepanda, amekuwa mkuu wa chuo. Mimi sikupanda, na habari hiyo inaishia hapo. Mwaka wangu wa mwisho aligundua kwamba watoto wana historia. Aligundua kwa sababu hoteli moja ilijitolea kutengeneza makabati ya vioo, vitu vikae humo vikiwa na taa, kwanza chuoni siku ya ugeni, kisha ukumbini mwa hoteli, watalii wapige picha wakisubiri funguo za vyumba vyao. Nilikwenda ofisini kwake nikamwambia vitu vile si vya chuo, ni amana za watu, na nimeapa mbele ya mashahidi.

"Vimelala ghalani kwetu miaka yote hii," alisema. "Ni vyetu."

Nikamwambia mama mkwe wake naye amelala nyumbani kwake tangu mwaka juzi, je, ni wake? Hakupenda. Akanikumbusha kwamba nastaafu karibuni na kwamba mtu mwenye diploma ashukuru kufika alipofika. Nilimjibu kwamba nilipofika nimefika kwa miguu yangu. Nikatoka nikijua vitu viko hatarini, na bado siku iliyofuata nilikwenda kufuatilia karatasi zangu za kustaafu kama mjinga, nikidhani vioo haviingii kwa siku moja.

Viliingia. Mkuu aliamuru kila kitu kisafishwe kabla ya wageni, na mtunza ghala wetu, Pandu, alisafisha. Pandu ni mcha Mungu, mtu wa safu ya mbele msikitini. Mafundi wa makabati, kwa kutojua, waliuweka ubao rafu ya chini kabisa, karibu na makubadhi ya mtoto. Pandu akaona aya ziko chini, usawa wa viatu. Moyo wake haukukubali. Aliuchukua ubao akauosha kama inavyopasa. Alitafuta beseni safi lisilotumika kwa kitu kingine. Aliosha kwa mkono, taratibu, tone lisianguke chini. Maji ya wino aliyachukua nyuma ya ghala akayamwaga kwenye shina la mwasmini, mahali pasipokanyagwa na mtu. Kila hatua aliifanya kwa heshima. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mwizi ningempiga. Mtu aliyefuta mkono wa marehemu kwa kumcha Mungu utamfanya nini?

Niliporudi niliukuta kabatini, mweupe, unang'aa.

"Pandu, ubao una nini?"

"Nshausafisha, Maalim. Wameuweka miguuni, na una aya. Maji nimemwaga pasipopita mtu."

Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Pandu aliyasikiliza yote na beseni mkononi. Nilipomweleza ubao ni wa nani na niliapa nini, aliketi kwenye kreti, akajishika kichwa. Nikamwacha hapo nikapanda kwa Mkuu. Nilitarajia angalau atanyamaza. Alisema ni bora zaidi, mbao safi inatoka vizuri kwenye picha, na kama ni maandishi, atatafutwa kijana mwenye hati nzuri auandike upya.

Ndugu zangu, nimeosha vyombo nchi za watu. Nimeitwa majina katika lugha tatu. Sijapata kusikia neno lililonichoma kama lile. Mtu anayeongoza chuo cha walimu anadhani mkono wa mtoto unabadilishwa kwa mkono mwingine wenye hati nzuri. Basi tulikuwa tukifundisha nini miaka yote?

Nilishuka. Pandu alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, funguo za makabati kiganjani, na hakuniuliza nazitakia nini. Tulivitoa vyote pamoja, kokoto, kigongo, picha, kitanda, makubadhi, tukavipakia gari ya jirani yangu kabla wageni hawajafika. Mkuu alikuja mbio akisema ataita polisi. Nikamwambia awaite, na mimi niwaite wenye vitu, kila mmoja na mashahidi wake, tujazane kwenye ukumbi wake wenye taa. Hakuita mtu. Wageni walikuja wakapigwa picha na vioo. Sherehe yangu ya kuagwa walitayarisha pilau, sikwenda, wakaila wenyewe.

Wiki zilizofuata nilikuwa njiani. Kokoto niliziweka mikononi mwa binti yake Bi Salama, kwani mwenyewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Alizihesabu moja moja kisha akaniuliza kama nimempata mwizi wa ile nyeupe. Picha zilirudi kwenye kuta za wenyewe. Bi Mize alikipima kigongo kiganjani, akakigonga kwenye kizingiti, akasema hakijaharibika, wameharibika vijana wasiojua kukishika. Mtu mmoja wa Nungwi aliniambia nibaki na pia yake ya kuzungusha kwa uzi, yeye haitaki tena, tukagombana mpaka majirani wakatoka, nikamwachia mlangoni nikaondoka. Sikutaka zawadi. Nilitaka neno langu.

Ubao niliuacha mwisho kwa sababu niliogopa. Naandika hilo bila haya; mtu asiyeogopa deni la amana ana kasoro. Nilikwenda Makunduchi peke yangu, ubao umefungwa kwenye kanga ileile. Bi Kazija alikuwa ukumbini akichambua mchele.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Umenletea?"

Nikaufungua nikamweleza yote, bila kumficha Pandu wala kumficha Mkuu. Nilikuwa tayari kwa kilio, kwa matusi, kwa mwanawe kunitoa nje. Alipitisha kidole juu ya mbao tupu, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, akasimama palepale ulipokatika mstari. Alipajua kwa kidole. Kisha akaniuliza kitu nisichokitarajia.

"Aliyeuosha, kausoma kwanza?"

Mtoto wa chuoni hauoshi ubao wake mpaka asikilizwe. Anakaa mbele ya mwalimu, anaisoma darsa yake bila kutazama, akiipata ndipo anaruhusiwa maji. Nimekua na desturi hiyo, nimeieleza darasani mara nyingi kwa majivuno, na sikuwahi kuiunganisha na sharti la mwanamke huyu. Bi Kazija akaniambia kwamba mama yao aliombwa mara nyingi na walimu na mashemeji kuwa ubao uoshwe, haifai aya kukaa ukutani na moshi wa jiko. Mama akawajibu mtoto hajasikilizwa. Akafa nao haujaoshwa. Yeye mwenyewe aliijua sura ile tangu utotoni, angeweza kuisoma siku yoyote na kuuosha, hakuwa na moyo huo.

Nilimwambia Pandu hakusoma kitu, aliosha tu. Nikajitolea kuisoma mimi hapohapo, naijua, nimekaa nayo miaka.

"Si wewe," alisema. "Wewe hukuuosha." Akaufunga ubao kwenye kanga akanirudishia. "Nenda nao. Bado hujanrejeshea."

Nilirudi mjini na hasira mpya, na safari hii sikujua nimkasirikie nani. Nilimkuta Pandu nikamwambia. Alisema ataisoma, lakini ana miaka hajaisoma mbele ya mtu, apewe siku za kuirejea. Nilimpa kwa shingo upande. Siku tuliyokwenda alipanda nyuma ya vespa yangu, akaisoma sikioni mwangu kutoka Mjini mpaka Makunduchi, akikosea, akirudia, akiniomba radhi, mpaka nikamwambia akikosea tena nitamshusha Tunguu aende kwa miguu.

Bi Kazija alikuwa ametandika mkeka, na mwanawe na jirani, wale mashahidi, walikuwapo. Hakumlaumu Pandu, wala hakumwambia haidhuru. Alimwonesha mahali pa kukaa, mbele yake, pale pa mwanafunzi. Ubao aliupakata. Pandu akaanza. Bi Kazija alifumba macho, midomo ikimfuata. Ilipofika aya ile, katikati yake, aliinua mkono.

Pandu akanyamaza. Nilidhani amekosea, na nikawa nishaanza kumkasirikia. Nikamtazama Bi Kazija, nikaona kidole chake kiko pale kwenye mbao ambapo Ame alichovya kalamu mara ya mwisho. Kuku alipita ukumbini, hakuna aliyemfukuza.

"Endelea," alisema.

Pandu akaendelea, aya kwa aya, mpaka mwisho wa sura. Bi Kazija akafumbua macho, akawauliza mashahidi kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Akaniuliza na mimi. Nikaitikia naam, kama mtoto aliyeitwa.

"Basi kasikilizwa," alisema. "Umenrejeshea, Maalim."

Akainuka, akautia ubao kwapani, akaenda jikoni kututengenezea chai. Nilibaki mkekani nimeikunja ile kanga mikononi, mpaka nikakumbuka kwamba hiyo nayo ni yake. Nikamfuata jikoni nikampa. Nilitoka Makunduchi siku ile sina kitu cha mtu.